Kilipowaka Kilikuwa cha Staa, Kilipozima Kikawa cha Fundi wa Tabora

Jina halitatajwa, na wala halihitajiki. Mwenye simu na bando anamjua. Ni staa wa Dar, mafolowa wa kumwaga, yule ambaye siku hizi kaacha viwanja vya Masaki kahamia kwenye mahema. Leo yuko Kilwa, kesho Lushoto, na safari hii kaibukia Tabora, eti anafuata njia ya misafara ya zamani. Wazo zuri kabisa, tusimnyime hilo. Mastaa wengi wa Bongo ukiwatajia Tabora wanajua treni na asali, basi.

Tatizo ni kisanduku.

Video ya kwanza ilipendeza. Hema chini ya mwembe mkubwa, jua la mchana, muziki laini, na mbele ya hema kisanduku cheusi chenye mpini, soketi mbili, tundu za kuchaji simu na kioo kidogo kinachoonyesha volti. Pembeni paneli ya sola imeegemezwa kwenye shina. Kapsheni ikasema kajitengenezea umeme wake mwenyewe, hahitaji TANESCO wala jenereta. Komenti zikafurika moto na makofi. Wakamwita injinia. Wakamwita mfano wa kuigwa na vijana.

Siku mbili baadaye akaja laivu, usiku, giza totoro, anamulika kwa tochi ya simu. Sasa hadithi ni nyingine: kisanduku kimetoa moshi, nusura hema liungue, na wa kulaumiwa ni fundi wa mkoani aliyemuuzia takataka. Mashabiki wakapokea. Ndani ya saa moja mafundi wa Tabora wakawa matapeli, Tabora yenyewe ikawa kijiji, na kuna waliodiriki kuandika kwamba mkoani watu hawajui hata volti ni nini.

Ngoja kwanza. Fundi gani? Juzi si alijitengenezea mwenyewe?

Hapo ndipo mambo yalipo, na watu wamepita kama hawajaona. Kisanduku kilipowaka kilikuwa cha staa. Kilipozima kikawa cha fundi. Sifa zote zilipanda basi la Dar, lawama zikaachwa stendi ya Tabora.

Rudini kwenye ile video ya kwanza. Kuna sekunde moja kamera inapita juu ya mfuniko. Ukisimamisha hapo utaona maandishi ya kalamu nene: MWISHO WATI 300. Chini yake: JAGI HAPANA, PASI HAPANA. Huo si mwandiko wa mtu aliyejitengenezea. Hakuna anayejiandikia onyo kwenye mali yake kwa herufi kubwa. Ni mwandiko wa fundi anayewajua wateja wake.

Na fundi huyo, kwa wanaoelewa mambo haya hata kidogo, alifanya kazi safi. Ndani ya kisanduku kile, kwa jinsi kinavyoonekana kikifunguliwa kwenye laivu, kuna betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampea-saa 50. Zidisha: ni kama wati-saa 640 zikijaa. Sasa piga hesabu ya mtu wa kambini. Taa ya duara ya kupigia picha, wati 20 kwa saa tatu, ni 60. Simu tatu, kila moja karibu 15, ni 45. Balbu mbili za wati 5 kwa saa tano, ni 50. Spika ndogo na betri ya droni, weka 70. Jumla haifiki 230. Yaani kisanduku kile kikijaa kinamweka staa na genge lake siku mbili bila hata kuona jua, na chenji inabaki.

Paneli ya wati 100 nayo haikuwa ya kubahatisha. Kiangazi Tabora jua halina mjadala, na paneli ya namna hiyo ikitazama juu vizuri inarudisha wati-saa 350 mpaka 400 kwa siku, ukishatoa upotevu wa joto na waya. Matumizi 230, mapato 350. Hiyo ni bajeti ambayo wengi mjini hawajawahi kuiona hata kwenye mshahara.

Sasa kilizima vipi?

Cha kwanza, mwembe. Paneli iliwekwa kivulini kwa sababu picha ilikuwa inatoka poa pale. Ndugu zangu, paneli si mtu, haihitaji kupumzika kwenye kivuli. Vile vipande vyeusi vimeunganishwa mmoja baada ya mwingine kama foleni. Tawi moja likitia kivuli vipande vichache, mkondo wa safu nzima unabanwa, sawasawa na mpira wa maji uliokanyagwa katikati: haijalishi bomba limefunguliwa kiasi gani. Robo ya paneli ikiwa kivulini, usitegemee kubaki na robo tatu za umeme. Unaweza kubaki na makombo. Kwa siku mbili betri ilikuwa inatoa tu, haipokei, na kioo cha volti kilikuwa kinasema hivyo hivyo mbele ya kamera. Hakuna aliyekisoma. Kilikuwa pambo.

Cha pili, jagi. Ndiyo, lile jagi la umeme lililokatazwa kwa herufi kubwa. Linaonekana kwenye meza usiku ule wa laivu, jeupe, limechomekwa. Jagi la kawaida linakula wati 1,500. Inveta ilikuwa ya 300. Hapa kuna kitu ambacho wengi wanachanganya, na ndiyo maana inafaa kukaa nacho kidogo. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kunahitaji karibu wati-saa 150 tu. Betri yenye chaji ilikuwa nazo. Shida haikuwa ghala, ilikuwa mlango. Kuvuta wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 ni kuvuta zaidi ya ampea 115 kwa mpigo, na waya wa kubeba mkondo huo ni mnene kama wa mashine ya kuchomelea. Waya wa mle ndani ulikuwa umepimwa kwa ampea 25 mpaka 30, kwa sababu ndicho kisanduku kiliundwa kufanya.

Fundi aliliona hilo mapema. Aliweka fyuzi ya ampea 30, karibu kabisa na betri, pale inapotakiwa. Watu wanadhani fyuzi inalinda simu. Hapana. Fyuzi inalinda waya usigeuke kuwa kijiti cha kiberiti. Jagi lilipochomekwa fyuzi ikakatika, kama kazi yake inavyosema, na kisanduku kikazima salama salimini. Hapo ndipo hadithi ingeisha. Mtu anatoa jagi, anabadilisha fyuzi ya bei ya soda, anachemsha chai kwa kuni kama kila mtu, maisha yanaendelea.

Lakini kwenye laivu yenyewe, dakika kama ya nne, mmoja wa kambi ya staa anasikika akijisifu kwamba fyuzi ilikuwa inasumbua, ameitoa, amefunga kipande cha waya badala yake. Halafu wakachomeka jagi tena.

Basi moshi ulitoka wapi? Mnauliza kweli?

Aliyetengeneza bomu hakuwa Tabora mjini. Alikuwa ndani ya hema. Fundi aliuza kisanduku chenye breki, wao wakang'oa breki, wakashuka mlima, wakagonga, wakarudi kulalamika kwamba gari ni bovu. Na bahati waliyokuwa nayo ni kwamba betri ya aina ile ni mvumilivu na ina ubao wake wa ulinzi unaokata mkondo ukizidi. Ingekuwa ni zile seli zilizotolewa kwenye betri za laptop bovu, zikaunganishwa kienyeji bila ubao wa ulinzi, leo kungekuwa na mazungumzo ya aina nyingine kabisa. Seli hizo zikishika moto, ndoo ya maji na blanketi haviwezi kukuokoa ndani ya hema.

Wapo wanaomtetea, na hoja yao kubwa ni kwamba alilipa. Alinunua kisanduku kwa pesa yake, kwa hiyo ni chake, aseme anavyotaka. Sawa. Ukienda kwa fundi cherehani ukanunua shati, shati ni lako. Vaa, gawa, fanya dekio. Lakini huwezi kuingia mtandaoni ukasema umelishona. Na ukilichana kwa msumari, huwezi kusema cherehani ya fundi ilikuwa mbovu. Pesa inanunua shati, hainunui mkono ulioshona.

Wengine wanasema ni maudhui tu, msichukulie siriasi, kila mtu anatafuta kiki. Hiyo ndiyo hoja mbaya zaidi, kwa sababu watu waliiga. Kwenye komenti za video ya kwanza kulikuwa na vijana wanauliza vipimo: betri gani, waya gani, wanaanzia wapi. Wengine hawaendi kambini popote. Wanakumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, wanataka kitu cha kuwasha mashine ya kunyolea au friji ndogo ya juisi. Kwao kisanduku kama kile ni mtaji. Staa akawajibu kwa emoji na akarusha kipande cha sekunde thelathini cha "hatua rahisi" ambacho hakina fyuzi hata kwa bahati mbaya, na kinaonyesha paneli ikiunganishwa kabla ya betri, wakati kontrola nyingi zinataka kinyume chake: betri kwanza, zijue ni volti ngapi, ndipo paneli. Asingejua. Hakutengeneza. Kama angesema tu kwamba kimetengenezwa na fundi fulani wa Tabora, wale vijana wangejua pa kuuliza, na fundi angepata wateja.

Na sasa tuje kwenye hiyo njia ya misafara aliyoenda kuifuata, maana hapa ndipo kichekesho kinapokolea.

Njia yenyewe ni ile ya kutoka Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, hadi Ujiji ziwani, takriban kilomita 1,200. Serikali iliiingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006. Tabora, wakati ule Kazeh, ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857 na Ulaya nzima ikasoma walivyogundua hiki na kile. Walibebewa kila kitu. Wanyamwezi, watu wa hapo hapo, walikuwa ndio mabingwa wa upagazi. Mtu mmoja mzigo wa frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani, kwa miguu, miezi. Meno ya tembo kwenda pwani, vitambaa, shanga na waya za shaba kurudi bara. Ndiyo, waya za shaba. Zilikuwa ni fedha njia nzima. Na kwenye mistari hiyo hiyo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo video ya staa haikuligusa kwa sababu halikuendana na muziki.

Mtu kama Sidi Mubarak Bombay alitembea na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, akaenda na Stanley mwaka 1871, halafu akavuka Afrika na Cameron kutoka bahari hadi bahari. Waulizeni waliosoma shule za Bongo wangapi wanamjua Bombay, na wangapi wanamjua Stanley. Livingstone alipofariki 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wake miezi karibu tisa. Walipofika Unyanyembe, hapo hapo karibu na Tabora, Cameron akawashauri wamzike tu. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Mazishi yakafanyika London, Westminster Abbey, 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo kanisani. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe lililofanywa makumbusho, na jina linalojulikana nalo ni la Livingstone.

Staa alipiga picha mbele ya tembe hilo. Zilipendeza. Halafu akatoka pale, akachukua mzigo uliobebwa na mtu wa Tabora, akaandika jina lake juu. Miaka zaidi ya 150, njia ile ile, mchezo ule ule, tofauti ni kwamba safari hii aliyekula jina si Mzungu, ni mtu wa Sinza.

Kuna jambo lingine limepita kimya. Katika zile video zote, Tabora imeonyeshwa kama pori ambalo umeme wa jua umefikishwa na mgeni. Jamani. Warina asali wa Sikonge na Urambo wanaingia kwenye misitu ya miombo, wanalala huko, wanapanda kwenye mizinga ya magogo na magome, na wengi siku hizi wana kipaneli cha wati 10 au 20, betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ndani ya dumu lililokatwa, balbu moja na waya wa kuchajia simu. Betri hiyo ni wati-saa 84, na ukitaka idumu unatumia nusu tu. Arobaini na kitu. Mrina anajua hesabu hiyo kichwani bila kuambiwa: simu moja, taa saa chache, redio kidogo, basi, kesho jua. Wafugaji nao utawakuta na paneli imefungwa nyuma ya baiskeli inachaji wakati ng'ombe wanatembea. Hawa ndio wapiga kambi wa nchi hii. Hawana hema la rangi ya mchanga wala hawajui kwamba wanachofanya kina jina la Kizungu na viatu vyake maalumu.

Fundi aliyetengeneza kisanduku cha staa amejifunza kwa wateja wa namna hiyo. Ndiyo maana aliandika onyo kwenye mfuniko badala ya kwenye karatasi inayopotea, ndiyo maana kisanduku kina matundu ya hewa pembeni na si juu mvua inapoingilia, ndiyo maana soketi ziko mbili tu. Kila kitu mle ndani ni jibu la tatizo ambalo mtu fulani aliwahi kulileta kijiweni likiwa limeungua. Inadaiwa alimwambia staa mara mbili, kwa mdomo, asichomeke kitu cha kuchemsha, akaitikiwa "sawa fundi" na mtu aliyekuwa anatazama simu. Hilo la kudaiwa liacheni kama ni uzushi. Maandishi ya kwenye mfuniko si uzushi, yapo kwenye video ya staa mwenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Staa ana haki yake pia: ametoa watu Dar kimawazo, kuna wanaouliza nauli ya treni ya kwenda Tabora leo kwa sababu yake, na kuna waliosikia neno Kwihara kwa mara ya kwanza. Hiyo kazi ni yake na hakuna anayeidai. Kisanduku ndicho si chake. Na hasara ya fundi si ya kufikirika. Mji si mkubwa, maneno yanafika, na mteja aliyekuwa anajiuliza anunue kisanduku cha kijiweni au kile cha dukani kilichotoka nje kwa bei mara kadhaa, sasa kashajibiwa na mtu mwenye mafolowa wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima.

Fundi hana ukurasa wa kujibu laivu. Ana kijiwe, koleo na wateja wa kesho asubuhi, kama bado watakuja.

Kinachotakiwa si kilio wala video ya kuomba radhi yenye piano kwa nyuma, hizo zimeshachosha. Kisanduku kirudishwe kwa aliyekitengeneza, alipwe kubadilisha waya na inveta, na ile laivu ifuatiwe na maelezo mafupi tu: tuliondoa fyuzi, tulichomeka jagi, kosa ni letu. Kile kipande cha "hatua rahisi" kifutwe leo, kabla kijana mmoja hajakifuata chumbani kwake huku mlango umefungwa. Na fundi aombwe ruhusa atajwe kwa jina, kama mwenyewe anataka kutajwa, maana baada ya matusi yale huenda hataki.

Mpaka sasa kapsheni ya video ya kwanza iko vilevile. Kuihariri ni sekunde kumi.